Mkufu Uliotoka kwenye Ufagio

Mkufu una shanga 33 za karatasi, na wageni huuliza umenunuliwa duka gani. Umetengenezwa uani kwetu, Tanga, Jumamosi mbili za mwanzo wa Machi na Jumapili moja, huku tukikata ua, tukizibua mtaro na kumwaga makopo yanayotega maji kabla masika hayajaingia. Watu wengi huahirisha kazi ya shanga wakingojea siku ya mapumziko. Sisi tuliipachika katikati ya kazi za nyumbani, maana shanga za karatasi zina kungoja kwingi kuliko kushika: gundi inangojwa, vanishi inangojwa, na mtu anayengoja anaweza kushika reki.

Tuanze na hesabu. Tulitumia ukurasa mmoja wa kalenda ya mwaka jana, sentimita 42 kwa 29.7. Kila ushanga hukatwa kama pembetatu nyembamba: upana wa kitako ndio urefu wa ushanga, na urefu wa pembetatu ndio unaoamua unene. Tulitaka shanga za sentimita 1.5. Ukingo mmoja mfupi tuliutia alama kila sentimita 1.5 kuanzia kwenye kona; ukingo wa pili vivyo hivyo, ila alama ya kwanza ikakaa kwenye sentimita 0.75. Ukiunganisha alama kwa rula, pembetatu hulala mzungu wa nne, na ukurasa unatoa 38.

Ile 0.75 si urembo. Mwanangu wa kati aliipuuza, akaanzia konani pande zote mbili. Ncha za pembetatu zake zikaegemea upande mmoja, na shanga alizoviringisha zikatoka kama pia, zimejaa huku na kuchongoka kule.

Kuviringisha huanzia kwenye kitako kuelekea kwenye ncha, na hapo ndipo ufagio ulipoingia. Tulijaribu msumari, ushanga ukang'ang'ania. Mama mkwe akachomoa njiti za chelewa kwenye ufagio wake. Chelewa ni nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, kwa hiyo ushanga ukiusukuma kuelekea kwenye wembamba unateleza wenyewe. Mizunguko miwili ya kwanza haitiwi gundi, la sivyo karatasi inagandana na njiti. Baada ya hapo gundi hupakwa kidogo hadi kwenye ncha, na vidole vinabana bila kulegea. Ukibana vizuri, ushanga unanenepa karibu milimita 8. Ukilegeza, katikati panabonyea.

Gundi nayo ilikuwa na kisa chake. Mwaka juzi tulitumia uji wa unga wa ngano ili kubana matumizi. Shanga zilikauka vizuri, tukazihifadhi kabatini, mende wakazila. Safari hii tulinunua gundi nyeupe ya mafundi seremala.

Jumamosi ya kwanza iliishia hapo: asubuhi kukata karatasi na ua, mchana kuviringisha chini ya mwembe. Shanga tukaziacha wiki nzima zikauke hadi ndani.

Jumamosi ya pili ilikuwa ya vanishi, na kosa lilikuwa langu. Nilitaka kwanza nimalize mtaro, kwa hiyo nikapaka magharibi, ardhi ikiwa imetoka kumwagiliwa. Muda si mrefu shanga zikafunikwa na utando mweupe kama ukungu. Vanishi ile huchanganywa na thina, na thina ikiruka kwa haraka hupoza kile ilichopakwa. Hewa yenye unyevu ikigusa ubaridi huo huacha maji, nayo yakanaswa ndani ya vanishi. Kesho yake, saa saba mchana, umande umekwisha na kaskazi inavuma, nilipaka tabaka jembamba juu yake. Thina mpya ikalainisha vanishi ya jana, maji yakapata njia, weupe ukatoka. Tabaka la mwisho lilipakwa saa tisa. Shanga zilikaukia kwenye mshipi wa kuvulia uliofungwa toka mwembe hadi nguzo ya kuanikia nguo, zimeachanishwa zisigandane.

Kutunga kulichukua nusu saa. Kati ya kila shanga mbili, na kwenye miisho yote miwili, tulitia ushanga mdogo wa kioo wa milimita 3. Shanga 33 za karatasi na 34 za kioo zikatupa mkufu wa karibu sentimita 60, unaopita kichwani bila kishikizo. Kati ya zile tano zilizobaki, mbili zikawa hereni. Tatu ni zile pia za mwanangu, naye hataki zitupwe.

Mvua ya kwanza ilipokuja, maji yalipita mtaroni bila kusimama. Asubuhi yake mama mkwe alishika ufagio kufagia majani, akautikisa, akahesabu mapengo yaliyoachwa na njiti zetu. "Mwanangu," akasema, "ufagio huu ni wa kufagia au wa kuvaa?" Naye shingoni alikuwa ameuvaa mkufu wenyewe.