Mstari na Jirani Zake: Juu ya Usomaji wa Biblia ya Kiswahili

Mgeni afikaye Utemini, katika mji wa Singida, akilisikia jina la mahali aweza kudhani ya kwamba yuko mtemi akaaye hapo na kuamua mashauri ya watu. Atakuwa amekosea, kwa maana utawala wa machifu uliondolewa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1963, na jina likabaki. Neno halikumdanganya, amejidanganya mwenyewe kwa kulichukua neno peke yake. Kosa la namna hiyohiyo, ila lenye hasara kubwa zaidi, ndilo nitakalo kulichungua hapa: kosa la kuutenga mstari mmoja wa Biblia na mistari iliyo jirani yake.

Shauri hili nililipata hukohuko Utemini. Mchuuzi mmoja wa alizeti alihubiriwa juu ya mstari wa 13 wa sura ya 4 ya Waraka kwa Wafilipi, akaambiwa ya kwamba mwamini hashindwi na jambo lo lote. Akakopa fedha kupita kiasi cha biashara yake, akanunua mzigo, bei ikaanguka. Aliporudi kwa wenzake na deni, aliambiwa kuwa imani yake ilikuwa haba. Sina haja ya kumtaja mtu wala kanisa. Nataka kuuliza swali la mwanafunzi wa lugha: je, maneno yenyewe yasema hivyo?

Tafsiri iliyoenea zaidi katika makanisa mengi ni ile ya muungano, iliyotolewa mwaka 1952 ili wasomaji wa Biblia ya Unguja ya mwaka 1891 na wale wa Biblia ya Mombasa ya mwaka 1914 wapate kitabu kimoja. Katika mstari tunaoutaja watafsiri wametumia neno «nayaweza», na jambo analoliweza mwandishi ni «mambo yote». Hawakusema kwamba aweza kufanya mambo yote. Tofauti hii si ndogo. Mama asemapo, «Mtoto huyu simwezi,» hasemi kwamba hajui kumfanya mtoto. Asema kwamba mtoto amemzidi nguvu. Kuliweza jambo, basi, ni kulimudu na kulistahimili. Kiyunani nacho chakubaliana na Kiswahili: kitenzi kilichotumika ni cha kuwa na nguvu, wala hapana kitenzi cha kufanya.

Tena tutazame kiambishi -ya-. Mtu akisema, «Nimesoma kitabu,» kitabu chaweza kuwa cho chote. Akisema, «Nimekisoma kitabu,» msikilizaji huelewa kwamba ni kitabu kinachojulikana kwao wote wawili. Sisemi kwamba kiambishi hiki peke yake chatosha kuwa ushahidi, maana neno «yote» nalo laweza kukivuta. Lakini chamtia msomaji hamu ya kuuliza: mambo yote yapi? Jibu liko katika mistari ya 11 na 12, mahali Paulo anapoeleza kwamba amejifunza kuridhika, na kwamba azijua hali zote, kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Mwandishi huyo alikuwa mfungwa. Hapana ahadi ya faida hapo. Pana ushuhuda wa mtu aliyepatwa na hasara asivunjike.

Ni nini basi kinachowafanya watu waukate mstari na kuusimamisha peke yake? Sehemu ya sababu ni sura ya kitabu chenyewe. Tarakimu za mistari hazikuwekwa na waandishi wa kwanza. Zile za Agano Jipya tulizo nazo zilitiwa na mchapaji Robert Estienne mwaka 1551. Zafaa sana kwa kutafutia mahali, lakini humfanya msomaji auone kila mstari kama methali. Na hata methali haisimami peke yake. Tuna «Haraka haraka haina baraka», na tuna «Ngoja ngoja huumiza matumbo». Mzee mwenye busara hatumii zote mbili kwa shauri moja, bali hutazama kwanza nani ana haraka na ya nini. Kitabu cha Mithali chenyewe, sura ya 26, mistari ya 4 na ya 5, chakataza kumjibu mpumbavu sawasawa na upumbavu wake, kisha papo hapo chaagiza ajibiwe. Aliyeviweka pamoja alitaka msomaji apime.

Mfano wa pili ni Yeremia 29, mstari wa 11, unaopendwa sana kwa ajili ya mawazo ya amani na tumaini. Wahubiri humwambia mtu mmoja mmoja kwamba ahadi hiyo ni yake, na ya upesi. Kiingereza cha leo kina neno moja kwa mmoja na kwa wengi, lakini Kiswahili chetu kimeandika «ninyi». Hakuna njia ya kulisoma kama «wewe». Waliosemeshwa ni watu wa uhamisho kule Babeli, na mstari wa 10 wataja miaka 70. Katika sura ya 28 nabii Hanania alikuwa amewaahidi miaka 2 tu, na Yeremia akampinga. Barua yawaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, wauombee amani mji waliohamishiwa. Ni ajabu kwamba mstari ulioandikwa kuzivunja ahadi za haraka sasa watumiwa kuzitia nguvu.

Yuko atakayesema kwamba mstari mmoja, ukikumbukwa usiku wa ugonjwa, umewafariji wengi wasiojua habari za Babeli. Sikatai. Faraja si kosa. Kosa huanza pale mstari unapofanywa kuwa dhamana ya mkopo, kisha ukageuzwa kuwa hati ya mashtaka juu ya mtu aliyeshindwa.

Namrudia mchuuzi wa alizeti. Waliomhubiria mstari wa 13 wangalisoma mmoja tu mbele yake, wangalikuta Paulo akiwasifu Wafilipi kwa kuwa walishirikiana naye katika dhiki yake; na mstari wa 18 wataja vitu alivyovipokea kwa mkono wa Epafrodito. Yule asemaye kwamba ayaweza mambo yote alikuwa akiandika shukrani kwa msaada. Kwa hiyo mstari huo, ukisomwa pamoja na jirani zake, haumhukumu mwenye deni. Wauliza waliomzunguka wamemletea nini.