Aliyelipa na Aliyechonga

Ukifungua kitabu kinachoeleza mahekalu ya Kihindu ya zama za kati, aghalabu utakuta yamepangwa kwa majina ya koo za kifalme. Kuna mahekalu ya Wapallava, ya Wachola, ya Wachandela, ya Wahoysala, na msomaji huishia kuamini, bila hata kuambiwa, kwamba kila ukoo ulikuwa na sura yake ya jengo kama ulivyokuwa na bendera yake. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, nasi tumezoea kumpa sifa ya kupika pia. Wafalme hao walikuwa na dhahabu, ardhi, nadhiri za kutimiza na ushindi wa kutangaza. Sura ya jengo haikuwa yao. Ilikuwa ya waashi na wachonga mawe, watu waliorithishana ujuzi mzazi kwa mwana, waliohama kutoka dola moja hadi nyingine wakifuata kazi, na ambao mara nyingine walimjengea mshindi jengo lenye sura ileile ya jengo la aliyeshindwa.

Ushahidi ninaouamini zaidi ni wa majengo matatu ya karne ya 8. Mwanzoni mwa karne hiyo mfalme Narasimhavarman wa Pili wa Wapallava alijenga hekalu la Kailasanatha mjini Kanchipuram, kusini mwa India. Wapallava walikuwa na uhasama wa siku nyingi na Wachalukya wa Badami. Mwaka 642 waliuteka mji mkuu wa wenzao, na vita vikaendelea kwa vizazi kadhaa. Hatimaye Vikramaditya wa Pili wa Wachalukya aliingia Kanchipuram, na badala ya kulipora hekalu akaacha maandishi kwenye nguzo yake, kwa Kikannada, lugha ya wavamizi, yakieleza kwamba mali ya hekalu aliirudisha. Ni majigambo ya ajabu, mshindi kujisifu kwa kile ambacho hakukichukua. Lakini kipo kilichochukuliwa. Katika miaka ya 740 malkia wake, Lokamahadevi, alijenga huko Pattadakal hekalu la kuadhimisha ushindi huo, ambalo leo linaitwa Virupaksha, na undugu wake na lile la Kanchipuram hauhitaji shahidi: mnara wa ghorofa zinazopungua kwenda juu, na ukuta wa ua uliopangwa vihekalu vidogo. Maandishi ya hapo yanamtaja fundi mkuu Gunda, aliyetunukiwa cheo cha Tribhuvanachari, bingwa wa dunia zote tatu, pamoja na fundi mwingine, Sarvasiddhi, anayeitwa sutradhari wa nchi ya kusini. Sutradhari ni mshika uzi, yule anayenyoosha kamba ya kupimia kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Ushindi ulikuwa wa mfalme na nadhiri ilikuwa ya malkia, lakini uzi ulishikwa na mtu wa kusini.

Haukupita muda mrefu Wachalukya nao wakapinduliwa na Warashtrakuta, na Krishna wa Kwanza wa ukoo huo mpya akaagiza hekalu la Kailasa huko Ellora. Hili halikujengwa, lilichimbwa. Waashi walianza juu ya mlima wa mwamba, wakateremka wakiondoa jiwe, mpaka jengo zima likabaki limesimama ndani ya shimo, na mpango wake unaufuata ule wa Virupaksha kwa karibu sana. Anayejenga kwa matofali akikosea hubomoa na kurudia. Hawa walianza na kilele kabla hawajafika msingi, na pigo moja la patasi mahali pasipostahili lisingeweza kurudishwa. Bamba la shaba la mwanzoni mwa karne ya 9 linasimulia kwamba hata fundi aliyelitengeneza alishangaa na kujiuliza amewezaje. Huenda hayo ni maneno ya mshairi wa ikulu tu, lakini mshairi huyo, akiwa analipwa kumsifu mfalme, aliona mshangao unamfaa fundi. Koo tatu, kila moja ikiinuka kwa kuiangusha au kuiandama nyingine, na sura ya jengo ikapita katikati yao.

Sura hizo wataalamu wa kale waliziita kwa majina matatu. Nagara ni ya kaskazini, mnara wake ukipanda kwa mkunjo mmoja kama mahindi yaliyosimama, na juu yake gurudumu la jiwe lenye mifuo lililopewa jina la tunda. Dravida ni ya kusini, ya ngazi na ghorofa. Vesara ni jina linalopewa michanganyiko ya uwanda wa Deccan, na mabishano juu yake hayaishi, nami sitaki kuyaongeza. Kinachonivutia zaidi ni kwamba mipaka ya sura hizi hufuata jiwe na mazoea ya mkono kuliko inavyofuata mipaka ya dola. Kule Mamallapuram, ambako Wapallava walichonga mahekalu madogo kutoka kwenye majabali katika karne ya 7, moja lina umbo la kibanda cha makuti na jingine lina paa la mviringo kama la banda refu. Mkono uliozoea mbao na nyasi ulikabidhiwa jiwe, ukachonga kile ulichokijua. Khajuraho, katikati ya India, jiwe la mchanga lilikubali kuchongwa kwa wingi, na mnara wa Kandariya Mahadeva wa karne ya 11, wenye mita 31 hivi, umezungukwa na vilele vidogo 84 vinavyoupanda kama vilima kando ya mlima. Nchi ya Watamil ina itale, jiwe kaidi linalochakaza patasi, na huko uzuri ulitafutwa katika uwiano na ukubwa. Karibu kote fundi alifanya kazi bila tao la kweli na bila saruji: mawe hutokezana safu juu ya safu mpaka yakutane, na uzito wa juu ndio unaoyashika ya chini.

Kwa Wahoysala wa Karnataka jiwe lilikuwa la jamii ya lile la sabuni ambalo wachongaji wa Kisii wanalijua vizuri. Likitoka machimboni ni laini, likikaa hewani hukakamaa. Ndiyo maana huko Belur na Halebidu unaona mikufu ya jiwe inayoning'inia bila kugusa kifua cha sanamu, na mapambo ya majani yaliyotobolewa mpaka nyuma. Huo ndio unaoitwa mtindo wa Hoysala. Lakini mfalme Vishnuvardhana alipojenga hekalu la Belur mwaka 1117, kati ya waliochonga sanamu zake walikuwamo Dasoja na mwanawe Chavana, na hao walitoka Balligavi, mji uliositawi chini ya Wachalukya wa Kalyani. Ufundi ulikuwako kabla ya ukoo kuupa jina. Hekalu kubwa la Halebidu, lililoanzwa mnamo 1121, limebeba jina la ukoo, ilhali kumbukumbu zinamtaja Ketamalla, ofisa wa mfalme, kuwa ndiye aliyelijenga. Na kwa kuwa wachongaji wa Karnataka walikuwa na tabia njema ya kutia saini, tunaweza kulifuatilia jina la Mallitamma kutoka hekalu la Amritapura la mwaka 1196 hadi Somanathapura, katikati ya karne ya 13, ambako aliyelipa alikuwa jemadari. Saini nyingine zimejaa majigambo dhidi ya wapinzani wa fani. Nazipenda hizo kuliko sifa zote za wafalme, maana ni sauti ya mtu anayejua kwamba kuna mwenzake karibu atakayelikagua jiwe kwa jicho la kitaalamu.

Atatokea wa kuniambia kwamba bila mfalme haya yote yangebaki hewani, naye ana hoja. Mtazame Rajaraja wa Kwanza wa Wachola, ambaye hekalu lake la Thanjavur lilikamilika mwaka 1010. Mnara wake unapita mita 60, wa itale, katika nchi tambarare isiyo na machimbo ya jiwe hilo karibu. (Wanaowatembeza wageni hupenda kusema kivuli chake hakigusi ardhi, kinagusa.) Kuta zake ni daftari: zimeandikwa vijiji vilivyopaswa kuleta mpunga, vingine mpaka Sri Lanka, vito na vyombo vya dhahabu kimoja kimoja, wacheza ngoma wa kike 400 na nyumba walizopewa, washona nguo, vinyozi na wahasibu. Fundi peke yake hawezi kuamuru vijiji. Na hapo hoja hiyo inageuka kuwa nzito zaidi ya anavyotaka mwenye kuitoa, kwa sababu maandishi hayohayo yanakiri kwamba sehemu ya dhahabu ilitoka kwenye hazina za wafalme wa Chera na Pandya walioshindwa vitani. Kusifu jengo ni kusifu pia kitu kilicholipiwa kwa ngawira, na mpenzi wa ufundi hana haki ya kufumba macho mbele ya hilo. Hata hivyo, daftari hilo la ukutani linalitaja pia jina la mwashi mkuu, Kunjaramallan, likiambatana na cheo cha Rajaraja Perunthachan. Yaani mfalme alimvika jina lake mwenyewe. Na Rajendra, mwana wa Rajaraja, alipotaka kujenga la kwake huko Gangaikondacholapuram, alikuwa na mali isiyopungua na ushindi uliofika mto Ganges. Mnara uliotoka ni mfupi, mita 55 hivi, na haukupanda kwa mstari ulionyooka kama wa baba. Umebonyea kidogo kwa ndani, laini zaidi machoni. Dhahabu haina uwezo wa kubonyeza mstari. Huo ni uamuzi wa mtu aliyeshika timazi na kufikiria jinsi jicho litakavyopanda.

Pingamizi la pili linatoka upande wa makuhani na vitabu. Inasemwa kwamba mwashi alifuata tu maandiko ya Kisanskriti, kama Mayamata, yanayopanga vipimo vya kila kitu kuanzia uwanja hadi kilele. Kama ingekuwa hivyo, mahekalu yangefanana kama sarafu. Pattadakal, ndani ya eneo dogo na chini ya ukoo mmoja, minara ya nagara na ya dravida imesimama bega kwa bega. Kitabu kimoja hakiwezi kuamuru yote mawili, na mfalme mmoja hakuona haja ya kuchagua. Nionavyo, maandiko yalikuwa kwa fundi kama sarufi ilivyo kwa mshairi: aliijua, akaitegemea, na utungo ukatoka kwingine.

Mtihani mkali wa hoja yangu uko Gujarat. Huko mfalme Bhima wa Kwanza wa Wasolanki alijenga hekalu la Jua la Modhera mnamo 1026. Miaka michache baadaye, mwaka 1031, Vimala, waziri wake, akawajengea Wajaini hekalu la marumaru mlimani Abu, na mikono ya mtindo uleule ikachonga dari zake mpaka jiwe likaonekana kama ua lililogeuzwa. Dini ilibadilika, mkono haukubadilika. Kisha zikaja enzi za masultani, na Msikiti wa Ijumaa wa Ahmedabad wa mwaka 1424 una nguzo na dari ambazo mwashi wa Modhera angezitambua bila kuuliza, isipokuwa sanamu zimeondoka na mimea na taa zimechukua nafasi yake. Bandari ya Khambhat ilikuwa na karakana za marumaru zilizochonga mawe ya makaburi kwa Waislamu wa ng'ambo, na vipande vya kazi hiyo vimepatikana hadi Kilwa, kwa hiyo pwani yetu ilikuwa mteja. Wafalme walipokwisha kabisa, ukoo wa waashi wa Sompura ulikuwa bado kazini: hekalu jipya la Somnath, lililowekwa wakfu mwaka 1951 chini ya jamhuri, lilichorwa na Prabhashankar Sompura kwa mtindo wa kale wa nchi yake. Hata hekalu la Swaminarayan lililofunguliwa Nairobi mwaka 1999 lilijengwa kwa mawe yaliyochongwa India na kusafirishwa vipande vipande, likilipiwa na waumini wa kawaida.

Kuna mahali pamoja ambapo mfalme na fundi wanaonekana kila mmoja peke yake. Bhoja wa Waparamara, aliyetawala Dhar katika karne ya 11, alikuwa mlinzi wa wasomi, na kitabu kikubwa cha ujenzi, Samarangana Sutradhara, kinahesabiwa kuwa chake. Alianzisha hekalu huko Bhojpur, lenye linga, nguzo ya ibada ya mungu Shiva, kubwa mno, na halikumalizika. Mnara haupo. Nyuma ya jengo bado umelala mtelemko wa udongo ambao mawe yalikuwa yakipandishwa juu yake, na juu ya majabali ya jirani, yamekwaruzwa moja kwa moja kwenye mwamba, kuna michoro ya waashi: ramani ya sakafu, nguzo, tumbo la mnara, vipimo vya sehemu ambazo hazikuwahi kuchongwa. Mistari yake imenyooka, na pembe zake bado zinasomeka.