Makaburi ya Sanga

Kitabu cha Bwana Jacques Nenquin (1963) chaeleza makaburi aliyoyachimba mwaka 1957 huko Sanga, penye ziwa Kisale, juu ya mto huu huu Lualaba unaopita karibu na Kasongo. Vyungu amevipima vizuri. Lakini nia ya waliovizika? Mchimbaji wa Uingereza anacho kitabu cha Mtakatifu Beda cha mwaka 731, kinachosimulia mazishi. Sanga hakuna hata herufi moja. Bwana Pierre de Maret, aliyechimba huko mwaka 1974, aliona jambo kubwa: watoto walizikwa na vyungu vidogo. Na sisi mapadri, kule Kabambare, tukiona sahani juu ya kaburi twasema upesi: upagani. Mama aliyeiweka hatujamwuliza.