Incarnadine: Kivumishi Kilichotiwa Damu na Tamthilia

Mtafsiri anayekutana na neno incarnadine katika Macbeth ya William Shakespeare, iliyochapishwa mara ya kwanza 1623, huelekea kulifasili upesi kuwa “-ekundu kama damu”. Fasili hiyo si kosa, ila inachukua tokeo kuwa ndilo chanzo. Awali neno hili lilikuwa kivumishi kilichofika katika Kiingereza kupitia Kifaransa kutoka Kiitaliano, na asili yake ya mbali ni caro la Kilatini, yaani nyama au mwili. Rangi iliyokusudiwa ilikaribia waridi: rangi ya mwili, lakini mwili wa Mzungu, jambo ambalo kamusi hazioni haja ya kulitaja. Shakespeare ndiye aliyelitumia kama kitenzi na kulichovya katika damu ya Duncan. Tangu hapo kivumishi chenyewe kimebaki na doa.

Kwa Kiswahili, ambacho kina tafsiri ya tamthilia hiyo tangu 1968, Makbeth ya S. S. Mushi, ugumu hauko katika rangi pekee. Lugha hii hunyambua refusha kutokana na -refu na fupisha kutokana na -fupi, lakini -ekundu haina kitenzi kilichozoeleka cha namna hiyo. Ivisha lina wekundu ndani yake, kama macho yanaposemwa kuwa yameiva, ila linanukia jikoni. Damu ya mzee inashawishi zaidi, maana Duncan ni mzee, na baadaye mkewe Macbeth hustaajabia wingi wa damu ya mzee huyo. Hata hivyo, hilo ni jina la dukani, la vitambaa na rangi za viatu. Hadhira ingecheka kabla ya kuogopa.

Kinachopaswa kulindwa ni mwachano wa rejista. Macbeth hutamka neno refu na geni, kisha papo hapo hulifafanua kwa majina mepesi ya rangi, kijani na nyekundu, ambayo hata mtazamaji asiye na elimu angeyaelewa. Tafsiri inayoanza na -ekundu na kumalizia na -ekundu imeua mwachano huo. Urujuani lingefaa zaidi: ni neno refu, lenye asili ya Kiarabu, na wengi hulisikia bila kuwa na hakika ya rangi yake. Linaelekea zambarau, ni kweli. Lakini Macbeth akiigeuza bahari kuwa urujuani, kisha akasema waziwazi kuwa kijani chake kimekuwa chekundu, atakuwa amelisahihisha mwenyewe jukwaani.