Vitabu vya Nyumbani: Kipi Tumwazime Nani?

Tukikutana twaulizana habari za shamba, za watoto na za ugonjwa. Ni desturi njema. Lakini ni mara chache mtu kumwuliza mwenzake, "Nyumbani kwako mna vitabu gani, na kipi ulikipenda zaidi?" Twatamani swali hili liwe la kila siku kati yetu. Kwa hiyo leo twafungua rafu yetu wenyewe. Si kubwa: ni mbao tatu juu ya matofali, mbali na ukuta kwa sababu ya unyevu, na miguu yake yapakwa mafuta machafu ya gari kwa ajili ya mchwa. Vitabu havifiki arobaini. Tutataja vichache tu, vya Kiswahili, vilivyotoka na kurudi mara nyingi. Tutasema uzuri wa kila kimoja, upungufu wake, na mtu kinayemfaa.

Kwa nini tuseme upungufu? Kwa kuwa kuna namna mbili za kuonyesha vitabu. Mtu mmoja huvionyesha kama mali. Avipanga kwa urefu, avifuta vumbi, avisifu vyote sawasawa. Mgeni aondoka akijua kwamba mwenyeji ana vitabu, lakini hajui asome kipi. Mtu wa pili humtazama mgeni kwanza: umri wake, kazi yake, mashaka yake. Kisha anyoosha mkono, achukua kimoja. Huyu wa pili amefanya kazi ya mhakiki, ijapokuwa hajaandika neno.

Tena jambo hili si dogo. Mwaka 1521 Inyasi wa Loyola, askari wa nchi ya Wabaski, alivunjwa mguu kwa mzinga huko Pamplona. Alipokuwa amelala nyumbani kwao, aliomba hadithi za mashujaa wenye farasi na panga, maana ndizo alizozizoea. Nyumba ile haikuwa nazo. Alipewa kitabu cha maisha ya Kristu kilichotungwa na Ludolf wa Saksonia, na kingine cha maisha ya watakatifu. Akavisoma kwa kukosa vingine, na yaliyofuata twayajua. Nyumba ile ilikuwa na bahati. Mgonjwa wa nyumba ya jirani yetu naye huenda ameomba kitabu wiki hii. Je, tutampa nini?

Tuanze na Shaaban Robert wa Tanga, aliyezaliwa mwaka 1909 akafariki mwaka 1962. Kitabu chake *Adili na Nduguze* kilitoka mwaka 1952. Ni habari ya ndugu watatu: Adili, Hasidi na Mwivu. Wawili wamtendea mabaya yule aliyewatendea mema, na adhabu yao ni kugeuzwa manyani. Hadithi yakimbia. Mfalme auliza, Adili ajibu, na msomaji hawezi kukiweka chini mpaka ajue kwa nini mtu mwema kama huyu apiga wanyama kila usiku. Ndicho kitabu tunachompa kijana aliyetoka shule, ambaye hajasoma kitu tangu mtihani wa mwisho. Ni kifupi, nacho chamrudishia hamu.

Upungufu wake uko katika majina. Hasidi ana husuda, Mwivu ana wivu, Adili ni mwadilifu. Mtoto apenda hivyo, kwa sababu ajua mara moja wa kumpenda na wa kumchukia. Lakini katika ukoo wowote uliogombania urithi, mwenye kijicho haji na jina lake kifuani. Mara nyingi yeye mwenyewe hudhani kwamba ndiye Adili. Kwa hiyo, kijana akikirudisha, twamwuliza swali moja: katika ndugu hawa watatu, wewe u nani? Kitabu chenyewe hakimwulizi.

*Kusadikika*, cha mwandishi yuleyule, kilitoka mwaka 1951. Nchi ya Kusadikika iko angani. Karama ashtakiwa kwa sababu ataka watu wafundishwe elimu ya sheria, naye Waziri Majivuno ndiye mshtaki. Katika kujitetea Karama asimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, huku na huku, na juu na chini. Walileta mashauri mema, na kila mmoja alilipwa kifungo. Wakati ule Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza. Mwandishi aliiweka nchi yake angani apate kusema mambo ya ardhini. Twaheshimu ujasiri huo, uliofichwa vizuri namna hii.

Lakini tuseme kweli: safari sita ni nyingi. Mjumbe aenda, aona mema, arudi, afungwa. Ufikapo kwa mjumbe wa nne, wajua mwisho wake kabla hajaondoka. Watu wa kitabu hiki hawali, hawatoki jasho, hawana mama. Ni sauti zinazosema maneno mazuri. Basi usimpe kijana wa *Adili*, atakirudisha kesho bila kukimaliza. Mpe mwalimu, au mzee wa baraza, mtu aliyewahi kuona shauri jema likikataliwa kwa sababu tu ya yule aliyelileta. Mwambie asome safari moja kila jioni. Mtu wa namna hiyo hachoki, kwa kuwa kila mjumbe amkumbusha mtu anayemfahamu.

Hapa wengine walalamika juu ya lugha. Wasema, "Hiki si Kiswahili chetu cha Bukavu wala cha Lubumbashi." Ni kweli, Kiswahili cha Shaaban Robert ni cha pwani, kina maneno mengi ya asili ya Kiarabu, na sentensi zake zapimwa kama mashairi. Dawa yake ni kusoma wawili wawili kwa sauti. Neno gumu liandikwe katika kikaratasi, kikaratasi kibaki ndani ya kitabu. Msomaji wa pili amkuta wa kwanza amemfyekea njia. Nakala yetu ya *Kusadikika* ina vikaratasi vya mikono mitano, nasi hatungeibadili kwa mpya.

Kitabu cha tatu ni *Uhuru wa Watumwa* cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934. Chasimulia habari za watu waliotekwa, wakapakiwa katika jahazi, wakaokolewa na manowari ya Waingereza, wakafanya makao huko Frere Town karibu na Mombasa. Mwandishi ni mtoto wa mmoja wao. Kwa watu wa mashariki ya Kongo kitabu hiki si cha mbali. Misafara ya watumwa na pembe ilipita Nyangwe na Kasongo, na Kiswahili chenyewe kilifika Manyema pamoja na misafara ile. Lugha tunayosomea ilikuja kwa njia ileile ambayo babu zetu walipelekwa pwani. Yafaa kijana alijue jambo hilo.

Lakini mwandishi awashukuru Waingereza mno. Katika kurasa zake watumwa wangoja kuokolewa. Nguvu zao wenyewe zaonekana kidogo. Kwa hiyo kitabu hiki hatukiazimi peke yake. Anayekichukua twamwomba aende pia kwa mzee wa ukoo wake, amwulize yaliyosimuliwa nyumbani juu ya nyakati zile: nani alitoroka, nani alijificha, nani aliuza wenzake. Kisha apime habari mbili hizi.

Sasa twafika kwenye kitabu tunachokipenda kupita vyote. Jina lake ni refu: *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali*. Mwandishi, Aniceti Kitereza, alizaliwa mwaka 1896, akakua kisiwani Ukerewe katika Ziwa Victoria. Alisoma seminarini Rubya kwa Mapadri Weupe, akajifunza Kilatini, kisha akarudi kwao, akaoa, akawa katekista. Mwaka 1945 kitabu chake kilikuwa kimekwisha kuandikwa kwa Kikerewe. Padri Almas Simard alimtia moyo, lakini mchapaji wa kukitoa hakupatikana. Mwandishi akakigeuza kwa Kiswahili kwa mkono wake mwenyewe. Kilitoka Dar es Salaam mwaka 1980, katika vitabu viwili, baada ya miaka 35. Naye alifariki mwaka 1981, nakala zikiwa bado hazijafika mkononi mwake. Mwaka 2002 kilitoka pia kwa Kiingereza, kimefasiriwa na Gabriel Ruhumbika.

Habari yenyewe ni hii. Mume na mke wapendana, lakini hawana mtoto. Ndugu za mume wamtukana mke, wazazi wake waja kumchukua. Mume amfuata ukweni, atozwa faini ya pombe ya ndizi, ahangaika kuipata, mpaka mkewe arudi. Watafuta dawa kwa mganga, na mwishowe wapata mtoto wa kiume na wa kike. Ni hayo tu. Lakini ndani yake mna Ukerewe nzima ya kabla ya kuja kwa Wazungu: kulima, kuvua, kupika pombe, kuzika, na kuamkiana kwa maneno marefu.

Wengine wa parokia wamestaajabu: katekista awezaje kuandika habari za waganga bila kuzikemea? Sisi twaona hapo ndipo ustadi wake. Alitaka wajukuu wa Ukerewe wasisahau maisha ya wazee wao, akayaeleza kama yalivyokuwa, akamwachia msomaji ahukumu. Angehubiri katika kila ukurasa, tusingemwamini hata Bugonoka analia.

Upungufu upo. Kitabu ni kirefu kuliko subira ya wengi. Mwandishi akianza kueleza pombe ya ndizi, hakuachi mpaka ujue kuitengeneza. Anayetafuta mbio za hadithi atachoka. Tena yafaa kujua kwamba Kitereza na mkewe Anna watoto wao wote walikufa wadogo. Hakuandika neno la kujililia. Lakini ukijua hivyo, waelewa kwa nini ametumia kurasa nyingi hivi kwa mume anayetembea kwenda ukweni na kurudi.

Tulikiazima kitabu cha kwanza kwa mume na mke wasio na mtoto. Wazee wa upande wa mume walikuwa wameanza kunong'ona kwamba mwanamke arudishwe kwao. Walikaa nacho miezi minne. Walipokirudisha hawakutuambia neno juu ya mambo yao, wala hatukuwauliza. Mume aliuliza tu kama cha pili kipo. Hatujui kitabu kimefanya nini katika nyumba ile. Twajua kwamba wangali pamoja, na kwamba cha pili nacho kimekwisha kurudi.

Lakini vitabu hupotea, mwasema. Ni kweli. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi tunalo daftari: jina la kitabu, jina la aliyekichukua, siku ya kutoka, siku ya kurudi. Tumeongeza safu ya tano, ambapo msomaji aandika mstari mmoja: kitabu hiki kinamfaa nani. Wengine wameandika vizuri kuliko sisi. Mama mmoja aliandika kwamba *Adili na Nduguze* kiazimwe kwa akina baba kabla ya kugawa mashamba, maana baada ya kugawa wamechelewa. Huo ni uhakiki wa maneno machache, nasi tangu hapo twaufuata.

Miaka 35 maandiko ya Kitereza yalikaa bila kuchapwa, kwa sababu zisizokuwa katika uwezo wake. Vitabu vilivyofungiwa katika masanduku yetu havina sababu hiyo. Basi, ndugu msomaji, chukua karatasi leo. Andika vitabu vya nyumbani kwako, hata vikiwa vitatu tu. Mbele ya kila kimoja andika uzuri wake mmoja, upungufu wake mmoja, na jina la mtu wa mtaani kwako kitakayemfaa. Kisha umpelekee cha kwanza kabla ya Jumapili.