Mchoro wa yai unatudanganya

Unaukumbuka ule mchoro wa jiografia, Dunia ikizunguka Jua kwenye njia ya umbo la yai? Ndio uliotuaminisha kwamba joto ni ukaribu. Ukiwa Dar es Salaam utakubali haraka: mwanzoni mwa Januari tuko karibu zaidi na Jua, kilomita milioni 147, na jasho linatutoka. Sasa mbona Januari hiyohiyo London wanatetemeka? Julai tunafika milioni 152 tu. Njia yenyewe ni karibu duara. Majira yanaletwa na mhimili ulioinama nyuzi 23.5. Na michoro mingine huita majani kupukutika "vuli", wakati vuli yetu ni mvua, zinazofuata jua la utosini likielekea kusini. Mwalimu, tafadhali, chora upya.