Tone Moja Chini ya Kioo

Fundi wa labo wa Kolwezi, Kongo, asiye na mashine ya bei kubwa bado anaweza kuufuatilia ugonjwa wa damu wa selimundu kwa tone la damu, metabisulfiti na darubini. Kipimo chenyewe huitwa Emmel, kwa jina la Mmarekani aliyeonyesha mwaka 1917 kwamba chembe nyekundu za mgonjwa, zikifungiwa chini ya kioo, hubadilika umbo na kuwa kama mundu. Metabisulfiti ilikuja baadaye ili kuharakisha, maana hunyonya oksijeni.

Ufundi wenyewe uko mikononi. Myeyusho wa metabisulfiti wa asilimia 2 hutengenezwa siku ile ile, kwani wa jana umeshapoteza nguvu. Kioo chembamba hulazwa polepole juu ya damu iliyochanganywa nao kisije kikanasa povu la hewa, kisha kingo zake huzibwa. Baada ya hapo ni kungoja.

Wakati huo, ndani ya chembe, kuna kazi ya ajabu. Katika himoglobini S, asidi ya glutamiki yenye chaji hasi imeipisha valini isiyo na chaji. Badiliko dogo mno! Lakini oksijeni ikitoka, molekuli hizo hushikamana na kuwa nyuzi, kila uzi una mistari 14 iliyosokotana, nazo huunyoosha utando wa chembe kama fito chini ya turubai la wachimbaji. Utando huo ni tabaka mbili za mafuta. Mojawapo ya mafuta hayo, fosfatidiliserini yenye chaji hasi, kwa kawaida hufichwa tabaka la ndani. Chembe ikipinda na kunyooka mara nyingi, mafuta hayo hujitokeza nje. Hapo, mwilini mwa mgonjwa, chembe hunata kwenye kuta za mishipa, damu huganda upesi, mtoto hulia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa.

Ninachokistahi zaidi ni jicho la fundi. Chembe zilizokauka pembeni huota miiba, na mwenye pupa huziita mundu. Fundi hodari huhamia katikati ya kioo, huhesabu tena, na akiona hakuna kitu hurudi baadaye kutazama upya kabla ya kuandika jibu. Anajua pia mpaka wa kipimo chake: Emmel haitenganishi AS (mbebaji) na SS (mgonjwa), na kwa mtoto wa chini ya miezi 6 himoglobini ya uchanga huweza kuuficha ugonjwa.

Utafiti wa Kinshasa uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta SS kwa asilimia 1.4 ya watoto wachanga zaidi ya 31,000. Kwa hiyo mama, baba, mkiambiwa Emmel ni chanya, ombeni elektroforesi, kipimo kinachotenganisha AS na SS.